Ufunguo wa Besi ya Mzee Laurenti

Ujerumani,
Jumapili jioni.

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Ninaandika nikiwa nimekaa kitandani, kwa sababu chumba changu kina kiti kimoja, na hicho kiti kimebeba nota zako. Mwili wangu ni mzima. Natumaini mguu wako umepungua kuuma, na kwamba umekubali kuacha kubeba mikungu kama daktari alivyokukataza. Mvua je? Elisha aliniambia migomba ya upande wa chini wa kibanja imeanza kunyauka, halafu simu ikakatika, na wiki nzima nimeishi na migomba hiyo kichwani nisijue ni michache au ni yote. Mwambie mdogo wangu huyo, akianza kunipa habari mbaya, ahakikishe salio linatosha kuimaliza. Na senene, wametua kwenu mwaka huu au wamepita juu kwenda kwa jirani?

Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu. Sababu unaijua. Nikipiga, unaweka spika, kikundi kizima cha matarumbeta cha kanisa kinasikiliza, na nikianza kueleza jambo mtu anacheka kule nyuma, wewe unasema, "Haya, haya, tumesikia." Karatasi haina spika. Isome peke yako kwanza, Taata. Ukimaliza, uamue nani mwingine aisome.

Anayekuletea bahasha ni mama mmoja wa kanisa la huku, anakuja Karagwe kuwatembelea rafiki zake wa zamani. Mkaribisheni ndizi na maharage, msimlazimishe kumaliza sahani. Hula kidogo sana, si kwamba anadharau.

Habari za huku ni kazi. Bado nipo katika ile ofisi ndogo inayoandaa nota za vikundi vya matarumbeta. Mtunzi analeta karatasi iliyochafuka, sisi tunaipanga kwenye kompyuta mpaka kila mpigaji apate ukurasa wake safi. Kutwa nzima naangalia vijistari. Unakumbuka ulivyotufundisha: mistari mitano ni nyumba, na nota isiyotosha ndani inajengewa kistari kifupi juu ya paa au chini ya msingi. Basi mwanao amekuwa fundi wa vistari hivyo vya nyongeza. Kikiwa kirefu mno kinagusa cha jirani, kikiwa chembamba mno hakionekani. Jioni nikifumba macho naviona bado.

Nyumbani siwezi kupiga tarumbeta. Jirani wa chini aligonga dari kwa ufagio siku ya kwanza tu. Sasa napigia ndani ya kabati la nguo, koti la baridi nikiwa nimelitundika mbele ya mdomo wa tarumbeta. Sauti inayotoka ni ya mbuzi aliyefungiwa stoo. Ungeniona ungecheka, na ningekuomba usicheke, kwa maana siku hizi sina nguvu ya kuchekwa.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Uliponitumia ile sauti yako ukiuimba wimbo wa Mama, ukasema, "Kemi, uandikie vyombo, tutaupiga siku ya kufungua kanisa jipya la Songambele," nilikaa nayo siku tatu kabla ya kuandika nota hata moja. Niliogopa. Mama hakuuimba kanisani wala hakuupa maneno. Aliuvumisha tu midomo ikiwa imefumbwa, akimenya ndizi, kwa ile sauti yake nzito mliyokuwa mkimtania kuwa ni besi ya jikoni. Wewe ndiye pekee uliyeushika mpaka mwisho. Nilijua nikikosea, hakuna tena wa kumuuliza.

Nikaamua wimbo uanze na besi, tarumbeta yetu kubwa kuliko zote, peke yake. Vipimo vinane vya nota, bila tarumbeta, bila ngoma. Hilo hukunipinga, na nilidhani umeelewa kwa nini. Siku tuliyomzika Mama, kikundi kilianza vizuri pale kaburini, kisha wapigaji wakaanza kukatika mmoja mmoja. Mimi nilikatika mapema, midomo ikawa haishiki. Wewe ulishusha tarumbeta ukafuta macho kwa mkono wa koti. Aliyebaki alikuwa Mzee Laurenti. Alipiga sehemu yake ya besi hadi mwisho, beti zote, peke yake. Besi bila wimbo juu yake, pum, pum, kama mtu anayetembea kumsindikiza mwenzake njia nzima. Watu wa Kituntu waliokuja kwenye msiba waliuliza huo ni wimbo gani.

Kwa hiyo niliandika mwanzo ule kwa ajili ya pumzi ya Mzee Laurenti.

Na niliuandika kwa ufunguo wa juu, ile alama ya mwanzo wa mistari inayoipa kila nota jina lake, kama kikundi chetu kinavyosoma vyombo vyote, toka tarumbeta ndogo mpaka besi. Hapo vita vikaanza huku kabla havijaanza huko. Bi Renate, bosi wangu, alisimama nyuma yangu akaangalia kompyuta.

"Hii ni ya chombo gani?"

"Ya besi."

"Besi haiandikwi kwa ufunguo wa juu. Sauti zake ziko chini, ufunguo wake ni wa chini. Rekebisha."

Nikamwambia nyumbani tunasoma hivyo.

"Kwenu wanasoma nota?"

Baba, sikumjibu kwa hasira. Nilimjibu pole pole, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Nilimweleza kwamba kwetu msimu wa kahawa ukifika nusu ya kikundi inaingia shambani, na Jumapili anayekuja ndiye anayepiga. Akikosekana wa besi, wa baritoni anaichukua besi. Akikosekana wa baritoni, mimi naiweka tarumbeta yangu chini nashika baritoni. Inawezekana kwa sababu wote tunasoma ufunguo mmoja: nota ikikaa mstari ule, vidole ni vilevile, chombo kiwe kidogo au kikubwa. Kisha nikamwonyesha nota ya chini kabisa ya wimbo wa Mama. Kwa ufunguo wa chini inahitaji vistari vinne vya nyongeza chini ya nyumba. Kwa ufunguo wetu ni viwili. Nikamuuliza, "Mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi asome ipi?"

Aliinama akavihesabu vistari kwa kidole. Kisha akasema, "Fanya, lakini baada ya saa za kazi." Nikafanya baada ya saa za kazi.

Mkachapisha mjini Kayanga, mkapiga. Elisha alinirekodia zoezi la kwanza. Nilisikiliza nikiwa kabatini ili nisisikie gari wala mtu. Mzee Laurenti alianza, na kwenye kipimo cha tano, pale Mama alipokuwa akivuta pumzi ageuze ndizi, na yeye akavuta pumzi. Sikuwa nimeandika pumzi hapo, Baba. Nilikaa sakafuni.

Halafu akaja yule mwalimu wa semina ya vikundi vya matarumbeta.

Simjui, na sitaki kumsema vibaya mtu nisiyemjua. Najua tu mlichonisimulia: kwamba alichungulia karatasi ya Mzee Laurenti mbele ya vikundi vyote, akacheka, akasema, "Besi inasoma ufunguo wa watoto?" Na vikundi vingine vikacheka. Najua ulivyo ukichekwa. Ukaondoka nalo moyoni hadi nyumbani Ihanda, na jioni ile ile ukanipigia.

"Kemi, umetuaibisha. Uko Ulaya unatuandikia nota za watoto. Andika kama mnavyowaandikia wazungu."

"Baba, wewe ndiye uliyenifundisha ufunguo huu."

"Nilikufundisha nilichokuwa nacho. Sasa wewe una zaidi, na unatunyima."

Neno hilo la kunyima limekaa ndani yangu kama mfupa wa samaki. Nimegombana na bosi wangu kwa ajili ya ufunguo wetu, nikarudi nyumbani nikakuta wewe mwenyewe umeukana. Huku wananiona mshamba kwa kuushikilia, huko mnaniona mchoyo kwa kuuandika. Niambie nisimame wapi.

Ukaniambia pia kwamba besi sasa atapiga Projesti, yule mwalimu wa sekondari aliyehamia, kwa sababu amesomea ufunguo wa chini. Nikauliza, na Mzee Laurenti?

"Atakaa na wageni. Atapewa kiti na soda."

Kiti na soda, Baba! Mtu aliyebeba besi ile kichwani kutoka Ihanda hadi Songambele kabla bodaboda hazijajaa barabarani. Alikuja kwetu kijana kutoka Burundi kulima kahawa za watu, na kitu cha kwanza alichopewa hapo Ihanda bila kukilipia kwa jembe kilikuwa besi ile. Wewe ndiye uliyenisimulia hayo.

Hata hivyo nilikutii. Ninaandika hili ulione: nilikutii. Niliandika besi upya kwa ufunguo wa chini, nikaituma kwenye simu ya Elisha, akaenda kuchapisha Kayanga palepale. Na mashine ya pale, ambayo wino wake ni wa kubahatisha, ikavila vistari vya nyongeza. Vyembamba vile vyote vilipotea. Nota zikabaki zinaning'inia chini ya nyumba bila kitu cha kuzishika, na Projesti akawa anakisia. Ya vistari vitatu akaipiga kama ya viwili, ya vinne kama ya vitatu. Nililijua hilo baadaye, Elisha aliponitumia picha. Lakini wewe hukungoja picha. Ulipiga mko kanisani, spika imewashwa, na kikundi kizima kikasikia.

"Wimbo wa mama yako umelia kama ng'ombe aliyekwama kwenye tope."

Watu wakacheka. Nikasikia sauti ya Yustina wa tarumbeta ya pili: "Labda huko ndiyo mtindo, dada Kemi amesoma!" Wakacheka tena. Nikasema, "Baba, labda ni mashine, angalieni vistari." Ukasema, "Vistari gani? Nota zako zinaelea." Na kwa mbali, kutoka nyuma kabisa, nikamsikia Mzee Laurenti: "Mwacheni mtoto. Yuko mbali na anafanya kazi." Hapo ndipo nilipokata simu. Haikuwa mtandao. Nilikata mimi.

Kilichofuata hukuniambia wewe, aliniambia Elisha, na nakuomba usimgombeze. Alisema Mzee Laurenti aliomba nakala ya ile karatasi mpya, na asubuhi nne mfululizo alikuja kanisani kabla ya kwenda shamba, akakaa kwenye benchi la nyuma akifuata mistari kwa kidole, midomo ikihesabu. Mstari ambao maisha yake yote ulikuwa na jina moja sasa ulikuwa na jina lingine. Elisha akamuuliza, "Mzee, inaingia?" Akajibu, "Macho yanakubali, vidole vinakataa." Siku ya tano hakuja. Jioni akaonekana anapita kibanjani kwetu na besi, ameiosha, ameifunga kitenge cha mkewe. Akaiweka sebuleni, akasema, "Nimeirudisha mali ya kanisa," akakataa chai, akaondoka.

Elisha anasema umeiacha palepale alipoiweka. Iko pembeni ya kile kigoda cha Mama, ndani ya kitenge kilekile, na kila mgeni anayeingia anadhani ni mtoto amelala. Anasema pia hukai tena sebuleni jioni, unakula jikoni. Kwa hiyo najua kwamba unajua.

Nimekasirika, Baba, na sijui pa kuipeleka hasira hii. Nikiipeleka kwa yule mwalimu wa semina, yeye alicheka mara moja tu akaenda zake. Nikiipeleka kwa Bi Renate, yeye angalau alisikiliza. Inabaki kwako, na kukukasirikia wewe ukiwa na mguu mbovu, peke yako katika nyumba ile, ni kazi inayonichosha kuliko kazi ninayolipwa. Usiku naota nakueleza na wewe unaniambia haya, haya, tumesikia. Naamka nikiwa bado naeleza.

Hakuna ufunguo wa watoto. Unalijua hilo kuliko mimi, lakini kwenye simu hukunipa nafasi ya kulisema. Ufunguo ni alama ya kumwambia mpigaji nyumba inaanzia wapi. Huku ofisini tunauchagua kila siku, na Bi Renate mwenyewe, akiona vistari vya nyongeza vinarundikana, anabadilisha ufunguo katikati ya ukurasa ili mpigaji asiteseke. Hamwambii mtu kwamba ni mtoto. Anasema, "Mpigaji ana shughuli ya kutosha." Nilipenda nikuambie hilo kwa sauti ya kawaida, sisi wawili, mimi namenya ndizi na wewe unasafisha tarumbeta. Hiyo nafasi hatuna, kwa hiyo inabidi liwe kali namna hii kwenye karatasi.

Sasa fungua ile bahasha kubwa.

Nimechapisha kila kitu mimi mwenyewe, kwenye karatasi nzito, vistari vya nyongeza nimevinenepesha. Msipeleke Kayanga. Sehemu ya Projesti nimeiandika kwa ufunguo wa chini kama ulivyotaka, na nimeiandika kwa uangalifu wote, sikufanya ujanja wowote wa kumkomoa. Ni kijana mwema, Elisha anamsifu, na besi mbili ni bora kuliko moja. Kanisa la Songambele lina ile nyingine mtakayoazima.

Lakini ukiitazama utaona kwamba vipimo vinane vya mwanzo, katika karatasi ya Projesti, vimeandikwa kimya. Si kosa la mashine. Katika karatasi yako ya kuongozea pia ni kimya. Vipimo hivyo viko kwenye ukurasa mmoja tu, ule wa chini kabisa ndani ya bahasha. Uko kwa ufunguo wa juu, nota kubwa, na pale ambapo huwa tunaandika jina la chombo nimeandika jina la mtu. Kwenye kipimo cha tano nimeweka alama ya pumzi.

Najua mtu anaweza kuvinakili. Projesti ana akili. Ila kwanza itabidi ajifunze kuusoma ufunguo wetu, na hapo Ihanda wa kumfundisha ufunguo wetu kwenye besi ni mmoja. Akitaka, aende akae naye.

Na wewe, ukiamua kwamba siku ile wimbo uanzie kipimo cha tisa, sitakuwepo kukuzuia. Utainua mkono, tarumbeta zitaingia, watu wa Songambele watapiga makofi, na hakuna mgeni atakayejua kwamba kuna kitu kimeachwa. Utajua wewe, na nitajua mimi, na kipande cha Mama kitakuwa kimekaa sebuleni ndani ya kitenge. Sitaandika nakala nyingine. Nimeshafuta zile za kompyuta. Unaniita mkaidi, basi ukubali kwamba ukaidi huo sikuutoa mbali.

Nisalimie Elisha, na umwambie picha aliyonituma iliniokoa. Nisalimie shangazi yangu, dada yako wa Kituntu, nimepata zile kahawa za kutafuna alizomfungia yule mama mwaka jana, bado ninazo chache, natafuna moja moja. Bibi mzaa Mama mwambieni najua kwamba hasikii vizuri, kwa hiyo mkimsomea barua mruke mambo ya nota mmwambie tu kwamba ninakula. Yustina mwambieni nimemsikia, na kwamba tarumbeta ya pili nimempa nota ndefu kuliko zote, aone kama atabaki na pumzi ya kunitania. Mke wa Mzee Laurenti umpe shikamoo yangu, na umrudishie kitenge chake.

Kitenge hicho usimtume Elisha. Na besi usiiweke kwenye bodaboda, itagongwa. Si mbali, hata kwa mguu wako. Ibebe wewe mwenyewe, Taata, pamoja na ule ukurasa wa chini. Ukifika usieleze kitu. Akikupa chai, unywe.

Ni mimi binti yako, mwenye hasira na mwenye kukupenda,

Kemilembe